Moshi wa Buluu

Gari lilinijia kwa sababu ya paa lake. Nina chumba cha ushonaji Rosettenville, chenye dirisha moja linalotazama barabarani, na asubuhi moja mzee wa Kireno niliyekuwa nikimpunguzia suruali aliingia amekumbatia turubai jeusi lililochanika katikati. Aliliweka juu ya meza yangu polepole, kama mtu anayemlaza mgonjwa, akaniuliza kama cherehani yangu inaweza kupita kwenye kitu kizito namna ile. Nikamwambia cherehani inaweza, ila mimi sishoni paa la gari ambalo sijaliona. Suruali nampima mwenye suruali. Paa nitalipima gari.

Alicheka. Siku hiyo hiyo, baada ya chakula cha mchana, nikaenda kwake mtaa wa nyuma na futi yangu shingoni. Akafungua gereji. Ndani palikuwa na gari dogo jekundu la spoti, viti viwili tu, limekaa chini karibu na sakafu. Lilikuwa limejaa vumbi, rangi imefifia juu ya boneti, na kioo kimoja cha pembeni kimeshikizwa kwa utepe. Nilipima fremu ya paa kila upande, nikaandika vipimo kwenye kiganja kwa sababu nilisahau karatasi. Halafu nikauliza, "Linawaka?"

Swali hilo hakulitarajia. Macho yake yalikuwa mabovu, ukungu umeingia kwenye mboni, na ndiyo maana alikuwa haendeshi tena. Alinigeukia akaniangalia kwa upande wa jicho, kisha akaingia ndani kuleta funguo.

Liliwaka kwa shida. Lilikohoa, likatetemeka, halafu likanguruma kwa sauti nzito ambayo sikuitarajia kwa kitu kidogo vile. Nyuma yake wingu la buluu likapanda hadi kwenye dari ya gereji. Mzee aliona haya, akanyoosha mkono kulizima.

"Liache," nikamwambia. "Ni oili. Injini inakunywa oili."

Inabidi nieleze nilijuaje. Mimi ni mtu wa Buyenzi, pale Bujumbura, mtaa wa Waswahili, ambako magari yanatengenezwa mpaka katikati ya njia. Baba yangu alikuwa fundi. Alifanya kazi mbele ya nyumba yetu, na kaka zangu walilala chini ya magari ya watu tangu hawajaota ndevu. Mimi nilikuwa nikipita na beseni la vyombo, nasimama kidogo, na baba anasema bila hasira yoyote, "Mama, nenda ndani, utachafua kanga." Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Nilikwenda ndani. Lakini masikio yangu yalibaki nje. Nilisikia kila kitu: moshi mweusi ni petroli nyingi, moshi mweupe usiokoma ni maji, moshi wa buluu ni oili. Baadaye nikapewa cherehani, nikaolewa, vita vikatutoa, tukavuka nchi baada ya nchi mpaka Johannesburg, na kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza moshi wa rangi gani ni wa nini.

Mzee hakuniuliza pia. Alisema tu kwamba binti yake, anayeishi Randburg, analiita gari lile takataka, na ameshampata mtu wa vyuma chakavu wa kuja kulivuta.

Nilishona lile paa kwa muda mrefu kuliko nguo yoyote niliyowahi kushona. Sindano zilivunjika. Siku niliyokwenda kulifunga, nikiwa nimeinama kwenye kiti cha dereva nabana vifungo vya mwisho, mzee alisema, "Sinyora, nunua hili gari."

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Sitakupa bure," akaendelea. "Kitu cha bure watu wanakiegesha. Nunua, uendeshe."

Bei tulikubaliana pale pale, kazi ya paa ikiwa ndani yake. Nilirudi nyumbani nikitembea haraka kama mtu aliyeiba.

Mume wangu ni mlinzi kwenye magorofa ya Hillbrow. Alinisikiliza huku anavua viatu, akavua kimoja, akabaki na kingine mguuni.

"Viti viwili," alisema.

"Viwili."

"Sisi ni watu watano."

"Najua tuko wangapi. Wote nimewazaa mimi isipokuwa wewe."

Alitaka kukasirika lakini kicheko kilimtangulia. Baada ya kucheka akakasirika kweli, na hasira hiyo ilidumu. Hakunigombeza, si mtu wa kugombeza. Alikuwa akipita mbele ya gari lile bila kuligeukia, kana kwamba ni jirani tuliyekosana naye. Watoto nao walinisemesha kwa Kiingereza, kama kawaida yao, na binti yangu mkubwa akaniuliza kama nina hakika ni halali mtu wa umri wangu kuendesha kitu kama kile. Alikuwa na maana ya sheria ya serikali. Wenzangu wa darasa la dini la Alhamisi walikuwa na maana nyingine. Mmoja, mama mwenye sauti ya kupenya, aliniambia mbele ya wote, "Mama mzima na ushungi wako, kwenye gari lisilo na paa!"

"Paa lipo," nikamwambia. "Nimelishona mwenyewe."

Sasa, hapa gari la zamani linaweza kuzurura barabarani mpaka lichoke, mradi mwenyewe ni yule yule. Likibadilisha mwenyewe, lazima lipelekwe kituo cha ukaguzi, lipimwe breki, taa, matairi, usukani na moshi. Lisipopita, jina lako haliandikwi. Nililijua hilo. Nililijua pia wingu la buluu. Lakini nilikuwa na haraka ya kipumbavu, nikajiambia huenda moshi ule ulitokana na kukaa muda mrefu bila kuwashwa. Nikalipeleka.

Foleni ilikuwa ya mabakkie, yaani pikapu, na teksi, na mimi katikati yao chini kabisa, nikitazama magurudumu ya watu. Mkaguzi alikuwa mwanamume mrefu mwenye koti la kaki lililopigwa pasi. Hakuwa na maneno. Alizungusha usukani, akapima breki, akashuka kwenye shimo akagonga gonga chini ya gari kwa nyundo ndogo. Breki zilipita. Taa zilipita. Kisha akasimama nyuma, akanyanyua kidole gumba: kanyaga mafuta.

Nikakanyaga.

Kwenye kioo sikumwona tena. Sikuona kituo. Niliona buluu tupu, na ndani yake nikasikia watu wanakohoa. Dereva wa teksi aliyekuwa nyuma yangu alipaza sauti, "Mama, asante! Mbu wote wamekufa!" Foleni nzima ikaangua kicheko.

Mkaguzi hakucheka. Alitokea kwenye moshi akipepea mkono, akaandika. "Moshi," alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Na bomba la eksozi linavuja katikati. Litengeneze, urudi."

Nilipotoka langoni, mwanamume wa makamo mwenye kizibao cha kung'aa aliniwekea mkono dirishani. Sikuwa nimemwona ndani. Hakuwa mtu wa kituo, ila alisimama kama mtu wa kituo.

"Eish, mama. Gari zuri namna hii limefelishwa?"

Nikaingiza gia ya kwanza.

"Hili halitapita kwa njia ya kawaida. Umri wake, na..." akanitazama ushungi, akanitazama uso, "na wewe ni mgeni. Nipe mimi. Gari halihitaji hata kuja. Kesho una cheti."

"Bila gari kuja?"

"Bila gari kuja."

Nataka nieleze kwa nini nilikataa, kwa sababu mume wangu aliniuliza, na baadaye fundi aliniuliza, na hata mzee, mtu mwaminifu kabisa, aliniuliza. Sikukataa kwa sababu mimi ni bora kuliko watu wengine. Mtu aliyefika nchi hii kama tulivyofika sisi anajua kusimama nje ya ua wa ofisi tangu alfajiri, akiwa na karatasi ya ukimbizi inayokaribia kuisha, na anamjua mtu anayetembea kando ya foleni akinong'ona. Mtu huyo yupo kwenye kila lango. Kila karatasi niliyonayo hapa imepita karibu naye, na hata ile ambayo hakuigusa, askari wa barabarani akiishika anaigeuza nyuma na mbele kama amenusa harufu ya mtu huyo. Nimechoka kushika karatasi zangu kwa woga. Nilitaka karatasi moja, moja tu, ambayo mtu akiigeuza nyuma na mbele nitamwacha aigeuze mpaka achoke. Na gari lile lilikuwa kitu ambacho kinaweza kupimwa. Lina moshi au halina. Hakuna anayeweza kuliuliza lilizaliwa wapi.

Nilimwambia yule bwana aondoe mkono kwenye mlango wangu. Akauondoa, akitabasamu.

Fundi niliyempelekea alikuwa Mkongomani wa Lubumbashi, mwenye gereji ya uani nyuma ya duka la mikate. Mtu mnene, mpole, anayefanya kazi huku akiimba nyimbo za kanisani. Alilisikiliza gari, akatazama moshi, akatikisa kichwa.

"Mama, hii moteri iko nakunywa oili."

"Najua."

"Basi tunatia oili nzito, nzito sana, na ile dawa ya chupa. Siku ya kupima, moshi hakuna."

"Na siku ya pili?"

"Siku ya pili utarudi moshi. Lakini siku ya pili uko na cheti."

Nikamwambia hapana. Akadhani sijaelewa, akaeleza tena, kwa upole zaidi. Nikamwambia nimeelewa, na bado ni hapana. Sitaki gari linyamaze siku moja kama mtoto aliyepewa pipi. Nataka lipone. Alishusha pumzi, akachukua kipimo chake, akakifunga mahali pa plagi, silinda moja baada ya nyingine, huku mimi nazungusha ufunguo. Kama pistoni zimechoka, alinionya, injini itabidi ishushwe yote, na hapo atanishauri nimpigie simu yule mtu wa vyuma chakavu. Alisoma kipimo mpaka silinda ya mwisho. Kisha akaanza kuimba tena, na nikajua kabla hajasema.

"Pistoni ni nzuri, mama. Mungu anakupenda. Ni vile vipira tu."

Juu ya kila valvu kuna kipira kidogo, kama kofia, kinachozuia oili isiteremke kwenye moto. Vya gari letu vilikuwa vimekauka vikawa vigumu kama kucha. Vipya viliagizwa, vikafika vikiwa ndani ya kifuko kidogo ambacho ningeweza kukidhania ni vifungo vya shati.

"Nitavifunga mimi," nilimwambia.

"Wewe?"

"Mimi. Wewe simama hapo, unisimamie, uniambie nikikosea."

Alikuna shingo. Alisema watu watamcheka kwamba anawafanyisha wateja kazi. Nikamwambia waje wachekee hapa hapa. Akasema nitaumia vidole. Nikamwonyesha vidole vyangu, vilivyotobolewa na sindano tangu utotoni. Mwishowe akasema sawa, Jumapili baada ya ibada yake, na kwamba akisema "acha" niache.

Jumapili hiyo alinifundisha kitu nilichokipenda sana. Ukifungua springi ya valvu, valvu yenyewe inaweza kuangukia ndani ya silinda, na hapo umekwisha. Kwa hiyo unapitisha kamba laini kwenye tundu la plagi, unaijaza ndani, halafu unaizungusha injini kwa mkono taratibu mpaka pistoni ipande na kuikandamiza kamba juu. Kamba inazishikilia valvu kama mto. Yeye alikuwa na kamba ya nailoni, chafu, imechanika chanika. Niliitazama nikamwambia angoje. Nikakimbia chumbani kwangu nikarudi na ile kamba ya pamba ninayoshonea kwenye kingo za mito ya makochi, nyeupe, laini, mpya. Aliipitisha kati ya vidole akasema hiyo ni kamba ya sherehe.

Springi zilifunguka. Ila kila springi inashikiliwa na vipande viwili vya chuma, vidogo kama nusu ya punje ya mahindi, na kuvirudisha ndiyo kazi. Yeye alikuwa akibana springi kwa kifaa chake, mimi navipachika kwa kibano cha cherehani. Valvu ya kwanza nilitoka jasho mpaka ushungi ukanata kwenye shingo. Ya pili ilikwenda. Ya tatu, kipande kimoja kiliniponyoka, kikalia ting mahali fulani ndani, halafu kimya.

Fundi aliacha kuimba. "Kimeingia moteri?"

Sikujua. Kama kimeingia ndani, hatuliwashi tena mpaka tufungue kila kitu. Tulitafuta juu kwa taa, tukatafuta kwa sumaku iliyofungwa kwenye waya. Hakuna. Basi nikachukua kipande cha boksi, nikakilaza sakafuni, nikajilaza juu yake chali, nikajisukuma chini ya gari.

Sikuwa nimewahi kulala chini ya gari maishani. Harufu ya pale ndiyo iliyonigusa: oili ya zamani, vumbi, chuma chenye joto. Hiyo ndiyo harufu ya shati la baba yangu. Alifariki nikiwa huku, na sikuweza kwenda kumzika. Nililala pale chini, machozi yakiteremka kwenda masikioni, fundi akidhani natafuta. Halafu kweli nikaanza kutafuta.

Nikiwa pale, nilisikia sauti ya kupenya uani. Mama yule wa darasa la Alhamisi alikuwa amekuja kuchukua gari la mumewe.

"Hivi," aliuliza, "si viatu vya mama mshonaji hivi?"

Fundi, maskini, akaanza kuimba tena kwa sauti ya juu.

"Ni vyangu," nikajibu kutoka chini. "Karibu dada. Nikitoka nitakusalimia vizuri."

Hakungoja nitoke. Na katika kugeuza shingo ili nione miguu yake inavyoondoka, nikakiona kile kipande kimekaa juu ya chuma cha mbele, kinameta. Nilikishika nikapiga ukelele ambao nadhani aliusikia hadi barabarani.

Tulimaliza jua likiwa bado lipo. Fundi alichomelea bomba la eksozi pale lilipovuja, nikatoa kamba yangu, imejaa masizi, tukarudisha kila kitu. Nilipoliwasha lilitoa moshi kidogo wa buluu, oili iliyobaki kwenye mabomba, alisema fundi, ukapungua, ukapungua, ukaisha. Tulisimama nyuma ya gari tukitazama hewa tupu kama watu wanaotazama mpira kwenye televisheni.

Siku ya kurudi kupimwa, mzee aliomba kuja. Viti viwili vilitosha. Mume wangu alikuwa ndiyo kwanza anarudi kazini, bado na sare yake, na alifanya kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu gari lilipoingia uani kwetu: alilikaribia. Akayagonga matairi kwa ncha ya kiatu, moja moja, akainama dirishani.

"Usimpe mtu kitu," alisema. Akaingia ndani kulala.

Foleni ilikuwa ndefu kuliko mara ya kwanza na jua lilikuwa kali. Fundi alikuwa amenishauri nikifika nizime injini, kwa sababu gari likingurumia pale pale muda mrefu, ndipo oili inaposhuka na ndipo moshi unapojikusanya. Madereva wote wa mbele walizima. Mzee naye akasema, "Zima, sinyora. Unachoma petroli."

"Liache."

"Kwa nini?"

"Kama lina moshi ndani yake, nataka niuone mimi kabla yao."

Alifikiri, akakunja mikono kifuani, akaegemea kiti. Alikuwa amevaa tai. Kila nilipotazama kioo sikuona kitu, ila sikuamini, nikatazama tena. Tulisogea kidogo, tukasimama, tukasogea. Kipimo cha joto kilipanda nusu kikakaa.

Yule bwana wa kizibao alikuja akipiga piga magari kwa kiganja. Alinitambua.

"Mama! Umerudi. Leo tusaidiane basi."

"Sawa," nikamwambia. "Nisaidie. Nenda usimame nyuma ya gari, pale kwenye bomba."

"Nifanye nini?"

"Utazame."

Sijui kwa nini alikwenda, labda kwa sababu watu walikuwa wanasikia. Alisimama nyuma. Nikakanyaga mafuta, nikaachia, nikakanyaga tena kwa nguvu zaidi. Injini ikanguruma hadi madereva wakageuza shingo. Nikamwona kwenye kioo, mzima mzima, kuanzia kofia hadi viatu, mikono mfukoni.

"Unaona nini?" nikapaza sauti.

Alitoa mikono mfukoni. "Sharp, mama," alisema, yaani safi, akaenda kwenye bakkie iliyofuata.

Mkaguzi alikuwa yule yule, na koti lile lile la kaki. Sikujua kama alinikumbuka. Alirudia yote tangu mwanzo: usukani, breki, shimoni, nyundo. Alipapasa mahali bomba lilipochomelewa. Kisha akasimama nyuma na kunyanyua kidole gumba. Nikakanyaga. Akaninyooshea tena. Nikakanyaga. Akaniambia niachie mpaka injini itulie kabisa, halafu nikanyage ghafla, na hapo nikajua kwamba huyu mtu anajua kazi yake, kwa sababu vipira vikiwa vibovu ndipo vinapojifichua. Niliachia. Nikahesabu pumzi zangu mwenyewe. Nikakanyaga.

Alichuchumaa, akatoa kitambaa cheupe mfukoni, akakiweka mbele ya bomba, akakitazama, akakikunja.

"Honi," alisema.

Nikabonyeza honi. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Baada ya yote yale, honi!

Mzee aliinama kuelekea kwangu. "Upande wa kushoto," alinong'ona. "Na usiibembeleze. Ipige."

Nikaipiga ngumi. Honi ikalia kama meli, mkaguzi akaruka nyuma, na mahali fulani ndani ya kituo kitu cha chuma kikaanguka. Kwa mara ya kwanza niliona meno ya yule mkaguzi.

Alipokuwa akimalizia, aliuliza, "Nani ametengeneza injini?"

"Mimi," nikasema. "Na fundi wangu."

Alitazama mikono yangu kwenye usukani. Wanja mweusi wa oili ulikuwa bado umebaki kwenye kucha, haukutoka hata kwa limau. Nilingoja aseme neno. Alisema, "Usiache injini inawaka kwenye foleni, mama. Watu wanavuta hewa hapa." Halafu akaniambia gari limepita, niende dirishani nikachukue cheti.

Alikuwa sahihi kuhusu foleni, na nilimwambia hivyo. Lakini nilikuwa nikicheka.

Jina langu waliliandika bila kosa, herufi zote, hata zile ambazo huwa zinawashinda watu wa hapa. Mzee aliniomba nifungue paa. Nikamwambia jua ni kali. Akasema amekaa kwenye gereji na gari hili muda wa kutosha. Basi nikafungua vile vifungo nilivyovifunga kwa mikono yangu, nikalikunja paa nyuma, nikaufunga ushungi wangu vizuri chini ya kidevu kwa pini mbili, tukaingia barabara kuu. Hatukwenda nyumbani. Tulipita chini ya milima ya mchanga wa migodini, malori yakitupigia honi, na kila lori lililopiga honi nililijibu kwa ngumi. Mzee alikuwa amefumba macho. Alisikiliza injini njia nzima, na hakusema lolote mpaka aliponiambia nibadilishe gia.

Mwaka uliofuata macho yake yalizimika karibu kabisa, na binti yake akamchukua Randburg, kwenye nyumba zilizozungushiwa ukuta na lango la kufunguliwa. Mara ya kwanza nilipokwenda kumchukua tukatembee kwa gari, mlinzi wa lango, kijana mwenye tabia njema, alilizunguka gari akilitazama, akanitazama mimi, akaniambia kwamba wafanyakazi wa usafi na wanaoleta bidhaa wanaingilia mlango wa pembeni, kwa miguu, na gari naweza kuliacha ng'ambo ya barabara.

Nilimwambia mimi ni mgeni wa mzee fulani, nyumba fulani, na nitaingilia hapa.

Akasema hana jina langu.

"Basi piga simu uliulize," nikamwambia, nikazima injini pale pale katikati ya lango, nikaegemea kiti. Nyuma yangu gari kubwa jeusi likasimama, likapiga honi. Sikugeuka. La pili likaja. Mlinzi alishika simu kwa mikono miwili.

Lango lilipofunguka, binti wa mzee alikuwa amesimama mbele ya nyumba yao, mkono kinywani. "Nilidhani lilikwisha kupondwa," alisema. Nikamsalimia. Baba yake alikuwa tayari nje, kofia kichwani, anapapasa ukuta akifuata sauti ya gari, na alipoufikia mlango wa abiria aliufungua mwenyewe, bila kushikwa na mtu.